Kuchukua ukumbi wa halmashauri Uingereza: mwongozo kamili kwa jumuiya zetu

Msiba ukitokea huku Uingereza, simu ya kwanza huenda kwa mwenyekiti wa jumuiya. Ya pili huenda kwa yule mama anayejua ukumbi upi uko wazi Jumamosi na unakodishwa kwa bei gani. Harusi, arobaini, darasa la Kiswahili la watoto, futari ya pamoja, kikao cha michango ya kusafirisha maiti: vyote tunavifanyia kwenye kumbi za kukodi kwa saa, na saa ikikaribia kuisha msimamizi anasimama mlangoni akichezesha funguo. Ndiyo maana halmashauri, au kaunsili kama tunavyoizoea, ikitangaza kwamba haiwezi tena kuendesha ukumbi fulani wa mtaa, kikundi cha WhatsApp huwaka moto. “Tuuchukue sisi!”

Inawezekana. Utaratibu upo na umetumiwa na vikundi vingi vya kawaida kabisa. Bwawa la kuogelea la Jesmond, Newcastle, lilifungwa na halmashauri mwaka 1991. Mwaka uliofuata wakazi walilifungua tena na kuliendesha wenyewe. Bramley Baths ya Leeds, jengo la mwaka 1904, imo mikononi mwa jamii tangu 2013. Lakini nimekaa kwenye kamati ya aina hii na nikaona tunavyoshangilia funguo bila kutazama juu. Halmashauri mara nyingi inaliachia jengo kwa sababu paa linavuja na bajeti yake haitoshi kuliziba. Anayepokea funguo anapokea na paa. Yote yanayofuata hapa ni namna ya kupokea funguo bila paa kuwaangukia.

Mwongozo huu unahusu England. Scotland ina sheria yake, tena nzuri zaidi kwa vikundi, na nitaigusa mwishoni.

Elewa halmashauri inaruhusiwa kutoa nini

Diwani akikuambia “tutawapa bure,” mshukuru, kisha uliza kwa sheria gani. Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1972, kifungu cha 123, inaikataza halmashauri kuuza au kupangisha ardhi yake kwa chini ya bei bora inayoweza kupatikana. Mlango upo: kwa ruhusa ya jumla iliyotolewa mwaka 2003, halmashauri ya England inaweza kushusha bei ikiwa jambo lenyewe litaleta manufaa ya kiuchumi, kijamii au kimazingira kwa eneo lake, mradi punguzo lisizidi pauni milioni 2. Kwa ukumbi wa mtaa kiasi hicho kinatosha na kubaki.

Kwa hiyo mnapoomba kodi ndogo ya pango mnaiomba halmashauri itumie ruhusa hiyo, na ofisa wenu lazima aweze kuandika kwenye ripoti yake manufaa gani yanalipia punguzo hilo. Mrahisishieni kazi. Mwandikieni manufaa hayo kwa idadi: watoto wangapi darasani kila Jumamosi, wazee wangapi chakula cha mchana, vikundi vingapi vya mtaa vitakavyotumia ukumbi.

Upangaji usiozidi miaka 7 hauguswi na masharti ya kifungu hicho. Ndiyo sababu maofisa hupenda kutoa miaka mitano au saba: ni haraka, hauna makaratasi mengi. Msiukubali kwa pupa. Nitaeleza.

Mwaka 2007 Barry Quirk, wakati huo mtendaji mkuu wa halmashauri ya Lewisham, aliongoza tathmini ya serikali kuhusu jambo hili, na hitimisho lake lilikuwa kwamba hatari za kuhamisha majengo kwa jamii zipo lakini zinadhibitika. Halmashauri nyingi zikaandika sera zao baada ya hapo. Katika tovuti ya halmashauri yenu tafuteni maneno Community Asset Transfer. Sera ikiwepo, itawaeleza hatua, fomu na nani anaamua. Someni yote kabla ya kumwandikia mtu.

Jisajilini kabla ya kubisha hodi

Jumuiya nyingi zetu zina katiba ya kurasa tatu, mwenyekiti, katibu, mweka hazina na akaunti ya benki. Kwa kusherehekea Muungano au Jamhuri Day inatosha. Kwa jengo haitoshi hata kidogo. Kikundi kisichosajiliwa kama taasisi hakiwezi kumiliki wala kupanga mali kwa jina lake. Mkataba unaandikwa kwa majina ya watu, na deni likija linawafuata watu hao nyumbani kwao. Nimemwona mzee wetu mmoja akitaka kutia saini kwa moyo safi, nyumba yake ikiwa ndiyo dhamana bila yeye kujua.

Kwa ukumbi wa kawaida napendelea CIO, shirika la hisani lenye nafsi ya kisheria ambalo linasajiliwa moja kwa moja na Charity Commission, msimamizi wa mashirika ya hisani. Wadhamini wanalindwa, na shirika la hisani linalotumia jengo hasa kwa kazi zake linapunguziwa lazima asilimia 80 ya kodi ya majengo ya biashara. Halmashauri inaweza kusamehe na ile 20 iliyobaki ikitaka. Kampuni ya manufaa ya jamii, ile inayoitwa CIC, ni nyepesi kuanzisha lakini haina haki hiyo ya asilimia 80. Watu hulijua hili bili ikishafika.

Ipo njia ya tatu, ushirika wa manufaa ya jamii, ambao unaweza kuuza hisa kwa wakazi, kila mwanachama kura moja hata akinunua hisa mia. Stretford Public Hall, jengo la 1878 karibu na Manchester, lilinunuliwa na marafiki wake kutoka halmashauri ya Trafford mwaka 2015, na miaka miwili baadaye wakakusanya zaidi ya pauni 250,000 kwa hisa. Kwa watu waliokulia kwenye michango na vyama vya kufa na kuzikana, wazo hili si geni.

Jambo jingine, na hapa nasema na ndugu zangu waziwazi. Halmashauri haitatoa ukumbi wa mtaa mzima kwa kikundi kinachoonekana ni cha kabila moja, dini moja au nchi moja. Ina wajibu wa usawa kisheria, na bibi wa Kiingereza anayecheza bingo hapo kila Jumanne kwa miaka thelathini atakuwa wa kwanza kumpigia diwani simu. Mfuateni yeye kwanza. Muwekeni kwenye kamati. Wasomali, Wapolandi, klabu ya judo, kikundi cha akina mama wenye vichanga: kila mtumiaji wa sasa wa jengo ni shahidi wenu au mpinzani wenu, na mtakuwa mmechagua wenyewe kwa kuwatembelea au kutowatembelea.

Jueni jengo ni la nani

Hatua fupi lakini msiiruke. Kwenye ofisi ya usajili wa ardhi, HM Land Registry, mnapata hati ya umiliki kwa pauni chache mtandaoni. Angalieni kama halmashauri inamiliki au nayo imepanga. Kama ardhi iliachwa wakfu na mtu zamani kwa matumizi fulani tu. Kama kuna sharti la kutouza pombe au kutofanya biashara. Kama sehemu ya eneo ni uwanja wa wazi wa umma, halmashauri lazima itangaze kusudio lake kwenye gazeti la eneo kwa wiki mbili mfululizo na kusikiliza pingamizi. Ongezeni muda huo kwenye kalenda yenu.

Baadhi ya watu huchanganya utaratibu huu na ile haki iliyoletwa na sheria ya Localism ya 2011, ya kuorodhesha jengo kuwa lenye thamani kwa jamii. Hiyo ilikuwa kuwapa wakazi muda: mwenye jengo akitaka kuuza, wiki 6 za kuonyesha nia, na wakionyesha, miezi 6 ya kutafuta pesa. Haikumlazimisha mtu kuwauzia.

Kagueni jengo kabla ya kulipenda

Hapa ndipo pa kutumia pesa zenu za kwanza. Kabla ya mpango wa biashara, kabla ya nembo, kabla ya picha ya pamoja na diwani, mleteni mkaguzi wa majengo mwenye usajili wa RICS, chama chao cha kitaaluma, apande juu ya paa. Asiishie kuangalia kutoka barabarani. Kamati yangu ya kwanza ilitegemea ripoti ya halmashauri iliyokuwa na umri wa miaka sita. Paa bapa la nyuma lilikuwa limeandikwa “wastani”. Majira ya baridi ya kwanza tulipanga ndoo nane kwenye jukwaa, na boila ikafa Januari, siku mbili kabla ya harusi. Tuliuziwa mbuzi kwenye gunia, na gunia tulilifunga wenyewe.

Muulizeni mkaguzi mambo haya, moja moja, na bei ya kila moja: paa na mifereji yake, boila na umri wake, nyaya za umeme, mabomba ya majitaka, unyevu ukutani, njia na choo cha mtu wa kiti cha magurudumu. Asbesto iulizwe peke yake. Matumizi yake yalipigwa marufuku kabisa Uingereza mwaka 1999, kwa hiyo jengo lolote lililojengwa kabla ya 2000 linaweza kuwa nayo darini, kwenye vigae vya sakafu, nyuma ya boila. Ikitulia mahali pake haina haraka. Ikibidi kutobolewa, gharama inapaa. Kuna rejesta ya asbesto ambayo halmashauri inapaswa kuwa nayo kwa majengo yake. Iombeni kwa maandishi, pamoja na vyeti vya umeme na gesi, tathmini ya moto, kumbukumbu za upimaji wa maji dhidi ya bakteria wa legionella, na bili za nishati za miaka mitatu. Ofisa akikawia, hilo nalo limeshawapa taarifa.

Angalieni pia cheti cha matumizi ya nishati. Jengo la kupangisha lisilo la makazi linatakiwa kufika angalau daraja E, labda liwe na msamaha. Likiwa F, ulizeni nani atalipandisha.

Jumlisheni bei zote za mkaguzi kwa miaka kumi. Namba hiyo ndiyo mtaji wenu mezani. Halmashauri inapozungumzia thamani ya jengo, ninyi mnazungumzia gharama ya paa.

Hesabu ya mwaka wa kawaida

Mipango mingi ya biashara ninayoonyeshwa imejaa ndoto za mkahawa na studio. Anzeni na ukumbi mtupu. Chukueni mfano huu nilioutunga kwa kufundishia: ukumbi unakodishwa pauni 20 kwa saa, saa 25 kwa wiki, wiki 46 kwa mwaka. Ni pauni 23,000. Sasa toeni umeme na gesi 7,000, bima 2,500, usafi na msimamizi wa muda 8,000, maji, ukaguzi, leseni na simu 3,000, na akiba ya matengenezo 4,000. Jumla 24,500. Mna pengo la 1,500 na bado hamjanunua hata kiti.

Kwenye kikao mtu atasema, “Tuondoe ile akiba ya matengenezo.” Mwenye wazo hilo asipewe uweka hazina.

Pengo hilo huzibwa vizuri na mpangaji wa kudumu, mdogo lakini wa kila mwezi. Chumba cha nyuma kikipangishwa ofisi kwa pauni 250 kwa mwezi, mnapata 3,000 na hesabu inageuka kuwa ziada ya 1,500. Hebden Bridge Town Hall, iliyohamishiwa jamii mwaka 2010, iliongeza jengo jipya lenye ofisi za biashara ndogo, na pango lake husaidia kubeba ukumbi. Harusi zinaleta pesa nzuri kwa siku moja, lakini ni za Jumamosi za kiangazi, na jirani ataanza kuandika barua taarab ikipita saa 5 usiku.

Kuhusu ruzuku: msijenge mpango mzima juu ya mfuko mmoja. Serikali ilianzisha Community Ownership Fund mwaka 2021 ikiwa na pauni milioni 150, na mwishoni mwa 2024 ikaufunga; vikundi vilivyokuwa katikati ya safari vilibaki njiani. Bahati Nasibu ya Taifa kupitia National Lottery Community Fund ipo, na kwa majengo ya kihistoria kuna Architectural Heritage Fund inayotoa ruzuku na mikopo. Locality, mtandao wa vikundi vyenye majengo, wana miongozo na washauri. Wapigieni mapema.

Mkataba: mahali pa kushinda au kushindwa

Kodi ndiyo kitu watu wanachokipigania zaidi na ndiyo yenye uzito mdogo. Mikataba mingi ya namna hii huandika kodi ya punje moja ya pilipili manga kwa mwaka. Si utani. Sheria ya Waingereza inataka kila upande utoe kitu ili makubaliano yasimame, na punje ni kitu. Mtu wa Unguja anaweza kulipa kodi ya karne tano kutoka kopo moja la jikoni.

Uzito uko kwenye kifungu cha matengenezo. Rasimu ya halmashauri karibu kila mara itasema mpangaji atalitengeneza na kulikatia bima jengo lote, ndani na nje. Wakili atawaambia maana yake: “kulitengeneza” kunaweza kudai mlirudishe katika hali nzuri kuliko mliyolikuta. Kuna njia tatu za kujikinga, na muombe zote tatu mkijua mtapata labda mbili.

Ya kwanza, halmashauri itengeneze kasoro kubwa kabla ya kukabidhi, au iwape pesa za kuzitengeneza. Hapo ndipo ile namba ya miaka kumi inapotolewa mfukoni. Ya pili, taarifa ya hali ya jengo yenye picha, iliyotiwa saini na pande zote na kuambatishwa kwenye mkataba, ikisema hamtadaiwa hali bora kuliko hiyo. Pigeni picha mia tatu. Ya tatu, halmashauri ibaki na paa, kuta za nje na msingi, ninyi mchukue ndani.

Muda: hapa ndipo ile miaka saba ya haraka inapoumiza. Wafadhili wa ujenzi mara nyingi hutaka mkataba wa miaka 20 au 25 na kuendelea, kwa sababu hawatoi pesa kwenye jengo litakalorudi kwa mwenyewe kesho kutwa. Ombeni 25 au zaidi, pamoja na kifungu cha kuwaruhusu ninyi kujitoa kwa notisi, tuseme mwaka wa tatu na wa tano. Kataeni kifungu kinachoipa halmashauri haki hiyohiyo bila sababu. Ikisema sera inalazimisha miaka mitano ya majaribio, basi iandikwe kwamba malengo yakifikiwa mkataba mrefu unafuata, na malengo yenyewe yatajwe.

Hakikisheni mnaruhusiwa kupangisha vyumba. Ulizeni kama haki ya kuendelea na upangaji chini ya sheria ya 1954 ya wenye majengo na wapangaji imeondolewa, maana halmashauri nyingi huiondoa. Na kama jengo lina msimamizi aliyeajiriwa na halmashauri, simamisheni kila kitu mpaka wakili azungumzie TUPE, kanuni za kulinda wafanyakazi kazi inapohamia kwa mwajiri mwingine: mfanyakazi huyo anaweza kuhamia kwenu na mshahara na masharti yake yote, na pensheni yake ya serikali za mitaa ni mzigo ambao umewatisha wakubwa kuliko ninyi.

Shirika likifanya biashara yoyote, punguzo la bei linaweza kuhesabika kuwa ruzuku chini ya sheria ya 2022 ya kudhibiti ruzuku za serikali. Kuna kiwango cha msaada mdogo, pauni 315,000 kwa miaka mitatu ya fedha, ambacho halmashauri hukitumia kupitisha maombi kama yenu. Wekeni kumbukumbu ya kila msaada wa serikali mliopata, watauliza.

Uamuzi, na kusubiri

Kuanzia barua ya nia hadi funguo, hesabuni mwaka mmoja hadi miwili. Ofisa wenu atahama. Uchaguzi wa Mei utasimamisha maamuzi. Na kama halmashauri imetoa notisi ya kifungu cha 114, yaani imekiri kwamba pesa zake hazitoshi matumizi yake, kama Birmingham ilivyofanya Septemba 2023, inatafuta pesa taslimu na moyo wake wa kutoa bei ya chini hupungua. Hapo ombeni upangaji badala ya umiliki, na sisitizeni gharama mnayoiondolea.

Ripoti itakwenda kwa baraza la maamuzi, na kikao ni cha wazi. Nendeni watu wengi, lakini azungumze mmoja, dakika tatu, na ikiwezekana awe yule bibi wa bingo.

Scotland

Tangu Januari 23, 2017, sehemu ya tano ya Community Empowerment (Scotland) Act 2015 inavipa vikundi haki ya kuomba jengo la umma hata kama halikutangazwa. Halmashauri lazima ikubali isipokuwa ina sababu za msingi za kukataa, ijibu ndani ya miezi 6 tangu ombi likamilike, na mkikataliwa mnaweza kuomba mapitio kisha kukata rufaa kwa mawaziri. Kwa ombi la umiliki, taasisi yenu iwe imesajiliwa na iwe na wanachama wasiopungua 20. Community Ownership Support Service hutoa ushauri bila malipo.

Siku ya funguo

Someni mita ya umeme, gesi na maji mbele ya ofisa, na mpige picha. Bima ianze saa hiyohiyo. Iwe kwa thamani ya kulijenga upya jengo, maana bei ya soko ni kitu kingine. Badilisheni makufuli, kwani funguo za zamani zipo mifukoni mwa nusu ya mtaa. Teueni mtu mmoja, kwa jina, anayehusika na usalama wa moto. Fungueni akaunti ya pili ya benki, ya matengenezo tu, inayohitaji saini tatu, na muweke humo pauni ya kwanza siku hiyo.

Kisha mtu mwenye ngazi apande akasafishe mifereji ya paa, na arudi tena Novemba majani yakishadondoka.